Kipimo cha Dawa ni Amana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu akakipa kadiri yake, akajaalia maradhi yawepo na akajaalia dawa ziwepo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Jamaa zake, na Masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni, na nafsi zetu tunaziusia kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na tujue kwamba ucha-Mungu hauachwi mlangoni mwa msikiti pamoja na viatu. Humfuata mtu sokoni, humfuata shambani na ofisini, na humfuata hata mbele ya kile kikapu au kabati anamoweka dawa za nyumbani mwake. Leo tumekusudia kusema juu ya hicho kikapu. Pengine wapo watakaoliona jambo hili dogo mno kusemwa juu ya mimbari, kwani tutazungumza juu ya kidonge cheupe ambacho ni nyumba chache zisizokuwa nacho, kidonge cha kutuliza maumivu na kushusha homa. Jina lake la kitaalamu ni parasetamoli, lakini wengi wetu hukiita Panadol, hata kikiwa kimetoka kiwanda kingine kabisa.

Kwanza tuseme wazi, ndugu zetu, kwamba hatukupanda hapa kuitia dosari dawa hii. Kujitibu ni katika mwendo wa Mtume wetu. Amepokea Usama bin Sharik kwamba mabedui walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwuliza kama inafaa watafute dawa, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Basi mwenye kichwa kinachomgonga akameza kidonge kwa kipimo chake hana lawama, wala imani yake haikupungua. Na parasetamoli, ikitumiwa ipasavyo, ni katika dawa zenye salama kubwa. Haichomi tumbo kama aspirini, na madaktari huichagua kwa mama mjamzito na anayenyonyesha kuliko nyingi za wenzake, kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa muda mfupi.

Lakini salama hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe uko karibu zaidi kuliko wanavyodhani watu. Dawa hii ilianza kuuzwa Uingereza kwa jina la Panadol mwaka 1956. Haikupita ila miaka 10, na mwaka 1966 matabibu wa huko waliandika habari za wagonjwa walioharibika maini kwa kuimeza kupita kiasi. Mwaka 1998 serikali ya nchi hiyo ikapitisha sheria kwamba duka la kawaida lisiuze pakiti yenye vidonge zaidi ya 16, na duka la dawa lisizidishe 32. Wao wenyewe waliokuwa wakiiuza ndio walioiwekea ukuta. Huku kwetu kidonge hukaa katika kopo la duka jirani na peremende, hukatwa kwa mkasi viwili viwili, na mnunuzi huenda zake bila ya karatasi wala neno.

Sasa sikilizeni namna inavyodhuru, kwani anayejua sababu huogopa kwa haki. Dawa hii ikishaingia mwilini hupelekwa kwenye ini. Sehemu kubwa hugeuzwa na kutoka kwa njia ya mkojo pasi na madhara yoyote. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, na Mwenyezi Mungu kwa hekima yake ameliwekea ini akiba ya kuizima sumu hiyo kila inapotokea. Mtu akimeza kwa kipimo, akiba inatosha na kubaki. Akipindukia kipimo, akiba humalizika, na ile sumu iliyosalia hulirudia ini lenyewe na kulila. Wenye maini yaliyokwisha kudhoofika, na waliokonda kwa maradhi au kwa njaa ya muda mrefu, akiba yao ni ndogo tangu mwanzo. Na mnywaji wa pombe amejipunguzia yake kwa mkono wake mwenyewe, juu ya dhambi aliyonayo.

Basi kipimo ni kipi? Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima humeza kimoja au viwili, kisha husubiri baina ya saa 4 na saa 6 kabla ya kumeza tena, wala hazidishi vidonge 8 katika saa 24, usiku na mchana pamoja. Hivyo 8 si kiwango cha kukikimbilia. Ni ukingo wa kisima. Na mtu mzima ambaye mwili wake ni mdogo, uzito wake haufiki kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini, na amwulize tabibu kwanza, kwani huyo ukingo wake uko karibu zaidi.

Enyi wafanyabiashara miongoni mwetu, nyinyi mnaijua Sura ya Wenye Kupunja na makemeo yaliyomo dhidi ya wanaochezea mizani. Mwenye duka anayemwogopa Mwenyezi Mungu hupima sukari mpaka mshale utulie. Vipi basi mtu huyo huyo, akirudi nyumbani, ampimie mwanawe dawa kwa kijiko chochote kilichopatikana jikoni? Vijiko vya nyumbani havilingani. Kimoja huchukua mililita 3, kingine 7. Dawa ya maji ya watoto huja aghalabu na kikombe kidogo au kijiko chake cha plastiki chenye alama. Hicho ndicho mizani yake, nacho kisitupwe wala kisigeuzwe mchezo wa mtoto.

Na kipimo cha mtoto huhesabiwa kwa uzito wake. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, isizidi mara 4 katika saa 24. Mtoto wa kilo 10, mathalan, anatosheka na miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 katika mililita 5, kijiko kimoja kamili cha mililita 5 kinamfaa. Lakini zipo chupa zilizoandikwa miligramu 250 katika mililita 5 hizo hizo, na rangi yake huenda ikawa ile ile na ladha yake ile ile. Mama aliyezoea kijiko kimoja cha chupa ya kwanza akimpa kijiko kimoja cha chupa ya pili, amempa zaidi ya mara mbili. Na anayemsagia mtoto huyo kidonge kizima cha mkubwa amempa zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo soma kwanza maandishi ya chupa. Na asiyejua kusoma asione haya kumwita mwanafunzi wa nyumba ya pili amsomee.

Tena kuna mlango mwingine wa hatari, nao ni wa mapenzi. Mtoto amekuwa na homa. Mama amempa dawa saa 8 mchana, akaenda kisimani au kazini. Saa 9 bibi anamgusa mjukuu, anamwona bado wa moto, huruma inamshika, anampa tena. Jioni baba anarudi na chupa mpya mkononi, na yeye asionekane hakujali, anampa ya tatu. Wote watatu wamempenda, na wote watatu, pasi na kujua, wanamsukuma mtoto upande mmoja. Tunashauri jambo jepesi: nyumba ichague mtu mmoja wa kutoa dawa, na saa aliyotoa iandikwe, japo kwa mkaa ukutani. Ndugu zetu wa zamani waliandika deni la kibaba cha mchele ukutani. Dawa ya mtoto ina haki zaidi ya kuandikwa.

Wala si kidonge hiki pekee cha kuhesabiwa. Dawa nyingi za mafua, na nyingi za maumivu ya kichwa zinazouzwa madukani kwa majina mbalimbali, zimo ndani yake parasetamoli pamoja na vitu vingine. Baadhi ya dawa za viungo na mgongo zimechanganywa nayo pia. Mtu humeza viwili vya kichwa, akaongeza viwili vya mafua, akaongeza na cha mgongo, akadhani amemeza dawa tatu. Kumbe amerudia moja mara tatu. Na zipo zenye aspirini ndani yake, nayo aspirini haipewi mtoto mwenye homa ila kwa amri ya daktari.

Enyi Waislamu, amepokea Abu Daud, kutoka kwa Jabir bin Abdillahi, habari ya mtu mmoja aliyekuwa safarini na wenzake, akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake madhali maji yapo. Akaoga, na jeraha likamwua. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alighadhibika sana, akawahesabu wale wenzake kuwa ndio waliomwua, na akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza.

Tazameni, ndugu zetu. Watu wale hawakuwa maadui zake. Walikuwa wasafiri wenzake, na walichosema walikisema kwa nia ya kuihifadhi dini. Nia yao njema haikumrudishia uhai wake. Basi ni wangapi katika sisi wanaotoa fatwa za dawa barazani, wakamwambia mgonjwa ameze vinne ili kichwa kikome mara moja, au amchanganyie mtoto hiki na kile? Na wauza maduka wanaompimia mgonjwa kwa kumtazama tu usoni, wajue kwamba imepokewa na Abu Daud, na Nasai, na Ibn Majah, kuwa mwenye kujitia katika utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ni juu yake. Wanazuoni wameijadili dhamana hiyo kwa urefu katika vitabu vya fiqihi. Muuzaji asiyejua na aseme sijui, nenda zahanati. Hatapungukiwa.

Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika yeye ni Mwenye kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumesema juu ya kipimo. Limebaki ambalo kwa nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki tunaliona zito zaidi, nalo ni kuifanya dawa hii kuwa pazia. Homa si ugonjwa wenyewe. Homa ni mpiga hodi. Parasetamoli humnyamazisha mpiga hodi, lakini aliyekuja naye bado yuko mlangoni. Haiui vijidudu vya malaria, wala haitibu kichomi, wala homa ya matumbo. Mtoto akinywa, joto hushuka, hucheka, huomba chakula, na wazee hushukuru na kulala. Usiku wa manane joto hurudi, hupewa tena, hushuka tena. Zikipita siku 2 namna hiyo malaria inakuwa imekwisha kujenga, na asubuhi ya siku ya 3 mtoto anashikwa na degedege, watu wakaanza kutafuta gari.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkataza Ummu Saib kuitukana homa, akamfahamisha kuwa huwaondolea watu makosa yao. Nasi twaamini hivyo. Lakini kutoitukana homa si kuiachia mtoto. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010 limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kupewa dawa, na kipimo chenyewe siku hizi ni cha tone moja la kidoleni na jibu hupatikana kwa muda mfupi tu, hata katika zahanati isiyokuwa na darubini. Basi mpe mtoto dawa ya kumshushia joto, mpunguzie nguo, mpe maji na maziwa ya mama kwa wingi, na usipitishe saa 24 kabla ya kumpeleka akapimwe. Ama mtoto mchanga asiyetimiza miezi 2 akiwa na homa, asisubiriwe hata hizo saa 24, wala asipewe kidonge na jirani. Apelekwe saa ile ile. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na kuwa mzito wa kuamka. Na baba akiwa safarini, mama asingoje idhini ya mtu kumwokoa mtoto.

Na tuseme kidogo juu ya mwezi wa Ramadhani. Wapo wanaoumwa kichwa mchana wa saumu, wakaona hila ni kumeza vidonge vinne wakati wa daku ili viwe akiba ya mchana kutwa. Dawa hii haiwekeki akiba. Nguvu yake ni ya saa 4 hadi 6 tu, na kinachozidi hakingoji adhuhuri, bali ini huanza kukabiliana nacho pale pale. Anayehitaji na ameze viwili kwa futari, viwili yapata saa 5 za usiku, na viwili kwa daku ya saa 10. Hivyo ni 6, wala hakupindukia. Aghalabu ya maumivu hayo ni ya kukosa maji, na ya mnywaji wa kahawa na chai aliyeachishwa ghafla, basi azidishe maji usiku. Na mgonjwa kweli kweli amepewa ruhusa katika Suratul Baqara ya kula na kulipa siku nyingine. Ruhusa ni sadaka ya Mola wetu, si aibu kuipokea.

Wapo pia, na hasa katika mama zetu, ambao kichwa huwauma takriban kila siku na kila siku humeza. Hawa wajue kwamba mwenye kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa miezi mfululizo, huenda dawa yenyewe ikawa ndiyo inayomletea kichwa. Huyo anahitaji kutazamwa macho yake, na presha yake, na mashaka yake ya nyumbani, kuliko kuongezewa kidonge.

Tena kumesikika habari, katika miji yetu na mbali na kwetu, za wapishi wanaotia vidonge hivi katika sufuria ya nyama ili iive upesi na kuni zipungue. Hili hatulipindi maneno. Ni khiyana. Aliyealikwa karamuni hakuomba dawa, hajui ameila kiasi gani, na pengine asubuhi yake amekwisha kumeza vyake kwa homa. Mwenye shughuli na amwulize mpishi wake kabla ya kuwasha moto.

Na dawa zenyewe zinunuliwe mahali panapojulikana. Mwaka 2008 huko Nigeria dawa ya maji yenye parasetamoli, iliyouzwa kwa watoto wanaoota meno, iliingiwa na kemikali ya sumu kiwandani, na watoto zaidi ya 80 wakafa. Chupa isiyo na tarehe, au iliyofunguliwa, au iliyohamishiwa dawa kutoka chupa nyingine, mwachie mwenyewe. Na zilizoko nyumbani ziwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto, kwani nyingi ni tamu na yeye hufikiri ni sharubati.

La mwisho, nalo tunakuombeni mlishike. Ikiwa mtu yeyote amemeza vidonge vingi kupita kiasi, kwa kukosea, au kwa mchezo wa mtoto, au kwa dhiki iliyoushinda moyo wake, apelekwe hospitali saa ile ile hata kama anatembea na kuzungumza. Tunakariri: hata kama anatembea na kuzungumza. Siku ya kwanza huenda asione ila kichefuchefu, au asione kitu kabisa, na siku ya pili akadhani amepona. Ini huharibika kimya kimya, na umanjano wa macho hutokea baadaye, wakati mlango wa tiba umekwisha kuwa mwembamba. Ipo dawa ya hospitali inayoizima sumu hii, na hufanya kazi vizuri zaidi ikipatikana katika saa 8 za mwanzo. Chukueni pakiti au chupa aliyotumia, na mwambieni daktari alimeza ngapi na saa ngapi. Msimlazimishe kutapika, msimpe mafuta wala maziwa mkangoja. Na ikiwa alifanya kwa dhiki ya moyo, msimkemee njiani, wala habari yake isigeuzwe hadithi ya mtaani. Msitirini, kaeni naye, na akirudi nyumbani msimwache peke yake na huzuni yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu walioko majumbani na walioko mahospitalini. Wape nguvu na subira madaktari na wauguzi wanaokesha nao. Walinde watoto wetu, na utujaalie kuuliza tusilolijua. Uwarehemu waliotutangulia katika imani, na utughufirie sisi na wazee wetu. Amin.

Simameni kwa ajili ya Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.